Kambi Arobaini za Bafuni

Aliyemuuzia Mwalimu Sylvester ile simu aliizamisha kwenye beseni la maji mbele ya macho yake, akahesabu mpaka sitini, akaitoa ikiwa bado inawaka. Sylvester ni mtu wa kuamini anachokiona. Akaileta nyumbani Cheyo, mjini Tabora, akamkabidhi mkewe Consolatha siku aliyotoka hospitali na mtoto wao wa tatu, na kwa wiki nzima kila mgeni aliyekuja kumwona mtoto alilazimika kwanza kuiona simu ikiogeshwa kwenye ndoo. Mtoto mwenyewe, Benedikta, alikuja wa pili kwenye ratiba.

Consolatha alicheka pamoja na wageni, lakini yeye simu ile alikwisha kuipangia kazi. Alikusudia kuingia nayo bafuni.

Mama yake, Mektilda, alikuwa amefika kutoka Goweko kuja kumkanda. Kumkanda mzazi kwa maji ya moto si jambo geni. Taulo linachovywa kwenye maji yanayounguza, linakamuliwa, linabandikwa tumboni na kiunoni mpaka mzazi aone nyota mchana. Ila katika ukoo wa Mektilda mzazi hukandwa kwa wimbo. Bibi wa bibi yake alijifungulia Bagamoyo, alikokwenda na mumewe mpagazi wa pembe za ndovu, akarudi Unyamwezi kwa miguu na kichanga mgongoni. Kila walipolala, wanawake wa msafara walimchemshia maji wakamkanda, na kila kambi ikapata ubeti wake kwa Kinyamwezi, na mwisho wa ubeti likatajwa jina la mahali pa kulala. Kambi arobaini. Wanaojua historia watasema msafara haukwenda siku arobaini bali miezi, na mimi sina ugomvi nao. Waende Goweko wakabishane na Mektilda.

Basi siku ya kwanza mzazi anatoka Bagamoyo, na siku ya arobaini anafika nyumbani, ndipo anatolewa nje na mtoto wake. Kila asubuhi, kabla taulo la kwanza halijagusa mwili, anayekanda anauliza, "Jana tulilala wapi?" Mzazi anataja kambi, na wimbo unaanzia hapo. Baadhi ya majina yamo kwenye ramani: Mpwapwa mlangoni mwa Ugogo, Mgunda Mkali, Tura. Mengi hayamo. Kuna Kisima cha Mjane, kuna Penye Maji ya Chumvi, kuna mahali panapoitwa Alipoachwa Mpiga Ngoma, na hakuna anayejua kwa nini aliachwa.

Wimbo huo hauimbwi bila mzazi na bila maji ya moto. Ukiuimba bure, alisema Mektilda, unamtoa mtu nyumbani kwake na kumweka barabarani. Kuna binti wa ukoo aliwahi kumwomba harusini auimbe ili amrekodi. Mektilda aliipokea simu ya binti huyo kwa adabu zote, akaiweka kwenye kiti, akaikalia mpaka chakula kilipoletwa. "Wimbo unakaa kwa mtu," alimwambia alipomrudishia.

Sasa Consolatha alikuwa na shida yake, na ilikuwa shida kweli. Mama yake alikuwa na miaka sabini na mmoja. Dada zake Mektilda wote walikwisha kutangulia mbele ya haki, na wake za wanawe walijifungulia mbali na kukandwa na mama zao. Wimbo ulikuwa umebaki kwa mtu mmoja, na aliyetakiwa kuupokea ni Consolatha, binti pekee, aliyelelewa mjini kwa shangazi ili asome, na ambaye Kinyamwezi chake kinatosha kusalimia na kununua karanga. Mtoto wake wa kwanza alimzaa Mwanza, akakandwa na mama mkwe. Wa pili alikwenda kumzalia Goweko, na kule aliaibika. Kila asubuhi aliulizwa walikolala, na kila asubuhi alijing'ata midomo. Siku ya tisa Mektilda aliacha kumuuliza. Akawa anaimba peke yake, taratibu, akiwa amegeuza uso. Consolatha aliibeba aibu hiyo kwa miaka sita, na safari hii, akiwa na miaka thelathini na tisa, yeye na daktari walikuwa wamekubaliana kwamba duka limefungwa. Hakutakuwa na mwendo mwingine wa siku arobaini. Ama aushike wimbo sasa, ama ufe na mama yake.

Ndiyo maana kila asubuhi, kabla mama yake hajaingia, aliiweka simu kwenye kizingiti cha kidirisha cha bafu, nyuma ya kopo la sabuni, akaiwasha irekodi. Maji hayakumtia hofu. Si aliiona ikihesabiwa mpaka sitini?

Bafu la nyumba ile ni dogo, sakafu ya saruji, kidirisha chake si kikubwa kuliko daftari. Ilikuwa Juni, na Juni asubuhi Tabora inauma. Sylvester alichemsha maji kwa kuni nyuma ya nyumba, akaleta ndoo mpaka mlangoni, akakohoa, akaondoka haraka, maana mkwe hasogei alipo mama mkwe. Mektilda aliivuta ndoo ndani na kufunga mlango, na baada ya dakika mbili mvuke ulijaa hata mtu hakumwona mwenzake vizuri. Ndani ya mvuke huo akaimba.

Alasiri mama yake alipojinyoosha kupumzika, Consolatha aliiweka simu sikioni kwa sauti ya chini, akausikiliza ule mwisho tu, jina la kambi. Akalirudiarudia mpaka likakaa. Ubeti wenyewe aliuacha. Angeusikiliza baadaye, mtoto akishaacha ziwa, amtafute mzee mmoja amfafanulie neno kwa neno. Kwenye simu kuna baadaye nyingi.

Na asubuhi alipoulizwa, alijibu. Uso wa Mektilda ulikunjuka mara ya kwanza, ukakunjuka mara ya pili, na kufikia wiki ya pili mikono yake yenyewe ilikuwa imebadilika, inakanda kwa raha kama mtu anayekanda unga wa sikukuu. Consolatha aliona mtihani anaufaulu. Hakuona vibaya kwamba anaufaulu kwa kuangalizia.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Masikio yake mwenyewe yalikuwepo bafuni siku zote hizo, ila yalikuwa yamepewa likizo.

Wiki ya nne jicho la kamera likaingia ukungu kwa ndani. Consolatha alilifuta kwa kanga, na kwa kuwa ukungu ulikuwa ndani, hakikufutika kitu. Siku chache baadaye sauti ya mama yake ikaanza kutoka imefifia, kama mtu anayesema akiwa amejifunika blanketi. Alipochomeka chaji, simu ikaandika onyo kwamba kuna unyevu. Akachomoa, akapuliza, akachomeka tena. Siku ya thelathini na tatu aliiegemeza karibu na jiko la mkaa ipate joto, na usiku ikalala kwenye ndoo ya mchele. Siku ya thelathini na nne, baada ya kurekodi, ilizima mkononi mwake na haikuwaka tena.

Mzazi hatoki kabla ya arobaini, kwa hiyo Sylvester alimleta fundi nyumbani. Sabiri ni jirani, ana meza yake ya kutengeneza simu karibu na soko. Alikaa ukumbini, Consolatha akakaa upande wa pili na mtoto kifuani. Mektilda alikuwa jikoni nyuma ya nyumba, anasonga ugali. Sabiri aliifungua simu taratibu, akaimulika kwa tochi, akapekecha kidogo kwa kijiti. Ndani kulikuwa na kutu ya kijani.

"Dada, hii haikuingia maji," alisema. "Imeingia mvuke."

"Si ni kitu kilekile?"

"Kwako. Kwake siyo." Akamwonyesha kwa ncha ya kijiti mpira mwembamba uliozunguka ukingo. "Huu umewekwa kwa ajili ya maji ya baridi, tena masafi, tena kwa muda mfupi. Wewe umeipika. Joto linalegeza gundi, mvuke unapenya. Ukitoka nje kwenye baridi, ule mvuke unageuka matone humo ndani. Na yakishakuwa ndani, mpira huu uliouamini ndio unaoyazuia yasitoke. Ikaandika onyo?"

"Iliandika."

"Ukachaji."

"Nikachaji."

"Na mchele?"

Consolatha akatikisa kichwa kukubali. Sabiri akatoa punje moja ya mchele kwenye tundu la chaji, akaiweka mezani. Habari ya jiko la mkaa hakuiuliza, na Consolatha hakuitoa.

"Ukipata nyingine, iache chumbani unapooga," akasema Sabiri. "Ukishindwa kabisa, ifunge kwenye mfuko wa nailoni unaobana mdomo, uiweke mbali na ndoo. Ukitoka ifute, iache kwenye upepo, usiguse chaji mpaka ikauke. Hata ikiandikwa nini kwenye boksi. Hii hapa siwezi kukudanganya, kilichokuwemo kimekwenda. Hukuweka nakala mahali?"

Hakuweka. Kuipeleka mtandaoni sauti ya mama yake akiwa bafuni ilimtia aibu, na aibu hiyo ndiyo iliyommaliza. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa nguo ya mtoto.

Sabiri amezoea watu wanaolilia simu. "Zilikuwa sauti za marehemu?" akauliza kwa upole.

"Hapana. Za mama."

"Mama huyu aliyenipokea shikamoo hapo nje?"

"Huyohuyo."

Sabiri akamtazama. Akaanza kufungasha vifaa vyake. "Basi si umwambie aseme tena?"

Maneno yale yalimkaa Consolatha mchana kutwa. Alilala kitandani akajaribu kuzipanga kambi kichwani mwake, kutoka Bagamoyo kuja juu. Alipata tisa. Tisa kati ya thelathini na nne, tena zimeruka ovyo, na chini ya kila jina hakukuwa na hata nusu ya ubeti. Jina la asubuhi ileile halikuwemo. Alikuwa ameliachia simu, kama kawaida, mpaka alasiri. Aliona aibu ya Goweko inamrudia, na safari hii na hofu juu yake.

Siku ya thelathini na tano maji yaliletwa, Sylvester akakohoa, mlango ukafungwa.

"Jana tulilala wapi?" akauliza Mektilda.

Consolatha akabahatisha. "Mgunda Mkali."

Papo hapo alijua amekosea. Mgunda Mkali, lile pori lisilo na maji, walilipita wiki nzima nyuma. Akasubiri kukemewa. Mama yake hakukemea. Alichovya taulo, akakamua, akaanza kuimba akitokea Mgunda Mkali, akamtembeza upya kwenye pori lilelile mpaka kambi ya mbele yake, ambayo nayo waliilala siku nyingi. Consolatha aliungua tumbo na moyo. Anajua, aliwaza. Anajua sikusikiliza, na ananirudisha nyuma ili nione. Hakuweza kumlaumu, ila ilimuuma kwamba mama yake anaweza kumwadhibu kwa sauti nzuri kiasi kile.

Kesho yake aliamua kutobahatisha.

"Jana tulilala wapi?"

"Sijui, mayu."

Mektilda alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, taulo mkononi, linatoa moshi. "Fikiri."

"Nimefikiri. Niambie wewe. Nimekubali nimeshindwa, lakini usinirudishe nyuma tena kama jana."

"Jana nilikurudisha nyuma?"

Aliuliza kama mtu anavyouliza kama nje kuna mvua. Consolatha akageuka. Kupitia mvuke alimwona mama yake anatazama ndani ya ndoo, uso umekunjamana, midomo inajaribu jina fulani na kuliacha.

"Nilikutajia Mgunda Mkali," alisema Consolatha polepole. "Tulikwisha kupita. Ukanitoa hapohapo."

"Ulisema Mgunda Mkali, nikaenda Mgunda Mkali. Mimi nakwenda unakosema."

"Nilidhani unanipima."

"Nikupime, umekuwa mwanafunzi? Nilikuwa nauliza."

Maji yaliendelea kupoa. Mektilda aliliweka taulo magotini, likamlowesha kanga, naye hakulijali. Kisha akasema yote, bila kulia, kama anavyosema habari za shamba lake la tumbaku. Ilianza msimu uliopita. Akitajiwa mahali, wimbo unajivuta wenyewe, hauna tabu. Ila alipoishia jana, akilala na kuamka, hapapo. Mwezi wa pili alikwenda kanisani Jumamosi akakuta mlango umefungwa, akakaa ngazini kuwasubiri watu. Wanawe hakuwaambia.

"Niliogopa kuja kwako," alisema. "Nikasema, Consolatha akinyamaza kama kule Goweko, nitamfikishaje? Siku ya pili nikauliza, ukajibu. Ya tatu ukajibu. Nikamshukuru Mungu, nikasema, mtoto ameshika. Sasa hata nikisahau si neno."

Consolatha angeweza kunyamaza. Mama yake asingejua kamwe, na furaha ile ingebaki kwake kwa muda wote ambao furaha hukaa kwa mtu anayesahau. Akaona hawezi. Akamwambia habari ya kizingiti na kopo la sabuni. Akamwambia aliyekuwa anajibu si yeye.

Mektilda alisikiliza mpaka mwisho. "Iko wapi hiyo simu?"

"Imekufa. Kwa huu mvuke."

Mama akainua macho akautazama ule mvuke, uliokuwa sasa mwembamba, unatokea kidirishani. Hakukasirika, na Consolatha alitamani angekasirika.

"Kwa hiyo mimi sijui tulipo," alisema Mektilda, "na wewe hujui tulipo."

"Ndiyo, mayu."

"Na umebakiza siku nne."

Consolatha aliomba radhi, akaomba tena. Mama yake hakuonekana kusikia. Alikuwa ameanza kulikunja taulo, kama mtu aliyemaliza kazi, na kulikunja kule ndiko kulikomwogopesha Consolatha kuliko yote. Alimshika mkono.

"Bagamoyo tunapajua," alisema. "Wote wawili. Siku ya kwanza tulitoka Bagamoyo."

Mektilda akalikunjua taulo. Akaufungua mlango kiasi cha kupitisha sauti, akaita maji mengine. Huko nje Sylvester alisikika akipasua kuni kwa haraka ya mtu ambaye hajaelewa lakini ametii.

Wakaanza upya. Consolatha alipokea kila mstari na kuurudisha, vibaya, ulimi ukijikwaa, mama akimsahihisha na kumbana kiuno ili asilale. Hawakukaa kwenye kambi moja kwa siku kama ilivyo desturi. Walikwenda nne kwa asubuhi, mpaka maji yapoe. Mchana Consolatha alisafisha mchele akiwa anahesabu majina kwa punje, midomo imefungwa, maana nje ya bafu wimbo hauimbwi. Na asubuhi, kabla mama yake hajauliza, alikwisha kujibu.

Kambi mbili hazikupatikana. Ya kumi na moja na ya kumi na saba. Mektilda alijua iliyotangulia na alijua iliyofuata, ila zenyewe hazikuja, hata alipofumba macho. Wiki tatu, nne nyuma aliziimba zote mbili, mwanzo hadi mwisho, bila kusitasita. Simu ilikuwa nazo. Consolatha alikuwepo, amekaa palepale kwenye saruji, uchi, maji yanamchuruzika mgongoni, na hakumbuki hata neno. Wakifika kwenye hizo kambi wananyamaza wote, Mektilda anaendelea kukanda kimya kwa muda wa ubeti mmoja, kisha wanashika inayofuata.

Siku ya arobaini wageni walijaa ukumbini tangu saa tatu. Wanawake wa jumuiya walileta kanga na sabuni, wifi zake walileta jogoo, na Benedikta alivishwa gauni jeupe akapitishwa mkono kwa mkono. Saa nne wakaanza kuulizana. Mzazi mbona hatoki? Mtoto ametimiza, uji umeiva, mama mtu yuko wapi? Bafuni kulisikika sauti mbili, moja ya zamani na moja inayobabaika nyuma yake.

Sylvester alisimama mlangoni na ndoo nyingine ya maji ya moto, jasho linamtoka. Akawaambia wageni alichoambiwa awaambie.

"Mtoto amefika," alisema. "Mama yake bado yuko njiani. Nimeambiwa wako Ugogo."